Kuku Aliyetaga Mtumbwini

Ilagala,
27 Juni 2024

Mke wangu Yusra,

Assalaam alaykum. Ukiona barua usishtuke ukadhani nimekufa. Waliokufa hawaandiki, na wakiandika hawawezi kuwa na mwandiko kama huu. Ni simu tu ndiyo imekufa. Niliinama nizibe ufa kwenye mtumbwi wa watu, ikachomoka mfukoni mwa shati, chubwi, ziwani. Mzee Pastory alicheka mpaka akakaa chini. Eti sasa migebuka na samaki wenzao watakuwa wanapigiana. Basi mpaka nipate nyingine tutaandikiana kama watu wa zamani. Barua atazibeba Mwanvua, yule mama wa dagaa anayekuja Ujiji kila wiki na matenga yake. Ikinuka usilaumu mwandishi.

Mimi mzima. Hapa Ilagala mafundi mitumbwi ni wengi, lakini fundi ni mmoja, na jina lake unalijua kwa sababu umeolewa naye. Mzee Pastory ndiye mwenye kazi, sikatai, ila magoti yamemgomea. Anakaa juu ya gogo ananyoosha kidole: pale, na pale. Mimi ndiye ninayekalafati nyufa, mimi ndiye ninayepigilia mbao, na mimi ndiye ninayeandika majina ya mitumbwi kwa rangi. Herufi zangu zinasomwa mpaka Burundi. Juzi mvuvi kanipa mgebuka mzima kwa ajili ya S peke yake. Angeiona M yangu angenipa nyavu.

Shadia je? Ameshasema "baba"? Miaka miwili na miezi mitano, mtoto wa mtu anayeongea kama mimi, anangoja nini? Mbusu shavu la kushoto. La kulia aniwekee.

Mumeo,
Dadi, Fundi wa Herufi za Kimataifa


Kasingirima, Ujiji,
3 Julai 2024

Baba Shadia,

Waalaykum salaam. Barua imefika, imenuka, nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta mahali uliposema umenikumbuka. Sijapaona.

Shadia hajasema "baba". Hajasema kitu, Dadi. Akitaka maji ananivuta kanga mpaka kwenye ndoo. Akitaka uji anagonga sufuria. Jumatatu nilimpeleka kliniki. Nesi Leonia akamwimbia, akampigia kengele nyuma ya kisogo, akamtazama ulimi. Masikio mazima, ulimi mzima, na akili ndiyo usiseme: aliichukua kalamu ya nesi akaitenganisha vipande vinne, akavipanga kwa urefu. Kisha nesi akaniuliza, "Mama, kutwa nzima nani anaongea na huyu mtoto?"

Wewe uko Ilagala. Mimi niko kwenye cherehani, na cherehani ikishaanza kulia hata mimi sijisikii. Nimekuwa nikisema Shadia mpole, Shadia hasumbui. Kumbe tunanyamaziana.

Nesi kasema tumsomee. Kila siku, kidogo tu, amekaa mapajani, aone picha, asikie maneno yale yale yakirudi. Nikamwambia, "Nesi, ataelewa nini huyu?" Akasema haanzi kwa kuelewa, anaanza kwa kuzoea, kuelewa kunakuja nyuma. Turudi tarehe 30 Septemba. Kama hajapata maneno atatuandikia twende hospitali kubwa, mbali. Hilo neno "mbali" limenikaa kifuani kama mfupa.

Sasa, humu ndani kuna Msahafu, kalenda, na madaftari yangu ya kidato cha nne. Jana nilimsomea biolojia, habari za figo. Alilala kabla ya mkojo. Mwandikie wewe. Kama herufi zako zinasomwa Burundi, zisomwe na Kasingirima. Hadithi fupi, na mchoro.

Na uje mbalamwezi hii. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wote wanarudi majumbani. Baba wa watoto wa jirani atakuwa uani amewabeba wawili mabegani, na wangu atasimama mlangoni anawatazama. Nimechoka kumwona amesimama pale.

Yusra


Ilagala,
9 Julai 2024

Mama Shadia,

Nilikukumbuka. Nilidhani inajulikana. Hata mimi siandiki kwenye mtumbwi kwamba huu ni mtumbwi.

Huyo nesi wako ana mambo. Kumsomea mtu ambaye hata "ndiyo" hasemi! Nilimwuliza Mzee Pastory, aliyelea watoto tisa, kama aliwahi kumsomea hata mmoja. Akasema hapana, ila wale tisa walikuwa na bibi wawili na mashangazi wanne wasionyamaza hata wakitafuna. "Wa kwako ana nani?" Nikaenda kutafuta misumari. Nilikuwa nayo mkononi.

Mbalamwezi siji, mke wangu, na unajua kwa nini. Wavuvi wakipumzika ndipo mitumbwi inapandishwa nchi kavu, na ikishapandishwa wote wanataka fundi siku hiyo hiyo. Mwezi unaowarudisha wenzangu kwao ndio unaonifunga mimi hapa. Nimelowa mawese mpaka viwiko kwa kuloweka pamba ya kuzibia. Ukinikamua unakaangia maandazi.

Lakini hadithi nimetunga. Kuku ni wa kweli, wa Mzee Pastory. Mengine ni kipaji.

*Kuku alitafuta mahali pa kutaga.*
*Jikoni? Hapana, kuna moto.*
*Kitandani? Hapana, kuna Babu.*
*Akaona mtumbwi. Akaruka: pu!*
*Akatazama kulia: ko!*
*Akatazama kushoto: ko!*
*Akataga.*
*Yai moja, jeupe, la moto.*
*Mimi niliyeandika ni baba yako.*

Huo mchoro ni kuku. Usije ukamwambia ni kobe.

Dadi, Mtunzi


Kasingirima,
16 Julai 2024

Mtunzi,

Ni kobe. Lakini tumeshamzoea.

Siku ya kwanza Shadia alishuka mapajani akaenda zake. Siku ya pili akala kona ya karatasi. Siku ya tatu niliizima cherehani kabisa, nikakaa mkekani, nikasoma polepole, na nilipofika kwenye "ko!" akanitazama mdomo. Sikuwahi kujua macho ya mtoto yanaweza kuwa mazito vile. Siku ya nne nikisema "akatazama kulia" akageuza shingo. Kushoto, akageuza. Leo asubuhi kaniletea karatasi mwenyewe, kanisukuma nikae, kajipandisha mapajani kwa miguu yote miwili kama anapanda ngazi.

Anapenda kuinusa. Mwanvua kaipitisha kwenye dagaa wake, na Shadia anaifukia pua kama ua. Kila tukianza namwambia, "Haya, tusome ya baba." Akilala iko chini ya mto.

Kwa hiyo lete nyingine, kuku kafikia wapi? Na ukija utasoma wewe. Nesi anasema sauti ya baba nayo inatakiwa, si ya mama peke yake. Mimi "ko" yangu ni ya kifaranga. Tunataka ya jogoo.

Sasa nimeliona neno "nilikukumbuka". Mara moja tu. Naliwekea alama.

Yusra


Ilagala,
24 Julai 2024

Yusra mke wangu,

Nakukumbuka, nakukumbuka, nakukumbuka. Hizo ni za mwezi mzima, usimalize kwa siku moja.

Habari ya kusoma mimi, tuiache kwanza. Sauti yangu imeharibika kwa vumbi la mbao, na isitoshe ni sauti ya kazi, ya kuitia watu wavute kamba. Nitamtisha mtoto. Wewe una sauti ya shule. Mimi niandike, wewe usome, kila mtu na idara yake, serikali ndivyo inavyofanya.

Mzee Pastory anakusalimia kwa Kiha chake, "mwakeye", wakati jua limeshapita utosini. Nimemwambia hiyo ni salamu ya asubuhi, akaniambia asubuhi yake inaanza akishaamka. Kuku huyu hapa:

*Watu wakaja. Wakavuta mtumbwi: hee-ya! hee-ya!*
*Kuku akasema: Ngojeni, nimelalia!*
*Watu hawakusikia.*
*Mtumbwi ukaingia majini: chubwi!*
*Kuku akasimama mbele, kifua nje.*
*Sasa kuku ni nahodha.*

Mchoro wa pili ni bora. Kuku ana kofia.

Dadi


Kasingirima,
6 Agosti 2024

Dadi,

Mwanvua ameniambia. Mzee Pastory alikupa siku tatu uje nyumbani, baada ya mwezi kupungua, ukakataa. Ukasema kuna mtumbwi unavuja. Mwanvua kauona huo mtumbwi, mkavu, mbuzi wamelala ndani.

Unakimbia nini? Sikuulizi. Nimekuandikia tu ujue kwamba najua.

Na jambo la pili. Shadia amesema "baba". Kwa sauti kubwa. Mara tatu.

Njoo usikie mwenyewe.

Yusra


Ilagala,
9 Agosti 2024

YUSRA!

Mwanvua anangoja, anaondoka sasa hivi, siandiki sana. Ilagala nzima inajua. Nimemwambia mpaka yule mzee kiziwi wa kwenye mizani. Neno la kwanza, BABA, si mama, samahani sana mama, nenda kashone! Nakuja Ijumaa ya tarehe 16, mitumbwi na ioze. Mwambie aniwekee mengine matatu.

Dadi, Baba, Baba, Baba


Ilagala,
21 Agosti 2024

Yusra,

Salaam.

Nimefika salama. Uliniuliza mlangoni mbona naondoka Jumapili wakati nilisema nitakaa mpaka Jumanne. Nilikujibu mitumbwi inapandishwa. Ni kweli inapandishwa. Si kweli kwamba ndiyo sababu.

Nilisafiri na lile neno kifuani kutoka hapa mpaka mlangoni kwetu. Nikachuchumaa, nikafungua mikono, nikamwambia, "Shadia, nani huyu?" Akanitazama kama mimi ni karani wa sensa. Akaingia ndani mbio. Nikasema anaona haya. Akatoka na karatasi, ile ya kuku, imechakaa, ina mafuta. Akaikumbatia, akaniambia mimi, kwa kunieleza kama mgeni: "Baba."

Karatasi ndiyo baba, Yusra. Ulijua. Uliniacha nikatangaza Ilagala nzima, na baba mwenyewe ni karatasi inayonuka dagaa.

Halafu ukanipa hiyo karatasi mkononi, ukasema, "Haya, msomee." Nikasema nimechoka. Kesho yake nikasema jua kali. Mwisho nikaondoka. Basi niseme, maana huku kwenye barua hunioni uso.

Kuandika na kusoma si kitu kimoja kwangu. Nikiandika niko peke yangu, ukurasa mmoja siku tatu, neno nalipima kama ubao kabla ya kulikata. Majina ya mitumbwi nachora tu: mwenye mtumbwi ananiletea kwenye karatasi, nachora alichoniletea. Lakini kusoma kwa sauti mbele ya mtu, siwezi. Darasa la sita mwalimu alinisimamisha, nikakwama katikati ya mstari, na darasa zima likaanza: vuu... vuu... vuu... kama injini ya boti iliyokataa kuwaka. Kila nikisimama, vuu. Mwaka ule ndio nikaacha shule. Mama nilimwambia nimeitwa kazini.

Wewe una kidato cha nne. Barua zako nazisoma nimejificha chini ya mtumbwi uliopinduliwa, kwa kidole, siku mbili barua moja. Sijawahi kuruka neno. Lakini usiniambie nisome mbele yako na mbele ya mwanangu. Anajifunza kusema, kisha ajifunze kwangu kukwama?

Karatasi na ibaki baba. Inasomeka vizuri kuliko mimi.

Dadi


Kasingirima,
27 Agosti 2024

Mume wangu,

Nisamehe kwanza. Nilijua neno lile ni la karatasi. Niliandika vile ili uje, na nilidhani akikuona ataiacha karatasi na kukurukia wewe. Nilikosea, na wewe ndiye uliyelipia.

Sasa na mimi nikwambie. Nilijua na lile la pili. Tulipokuwa wachumba nikikutumia ujumbe ulikuwa unapiga simu hapo hapo: "Nimeuona, hebu sema kwa mdomo nisikie sauti yako." Mwaka mzima nikajua ni mapenzi. Baadaye nikajua ni kusoma. Kisha nikaamua ni vyote viwili, nikaolewa.

Siku mbili kwa barua moja? Chini ya mtumbwi? Dadi, mimi barua zako nazimaliza wakati maji yanachemka, na sasa naona haya.

Ulipoondoka Jumapili, Shadia alichukua karatasi akaenda kukaa kizingitini. Akaiinua, akaielekeza njiani ulikopita, akairudisha. Akaiinua tena. Nadhani alikuwa anatulinganisha. Kwake baba ni kitu kinacholetwa na Mwanvua, kinanuka, na kina kuku ndani. Kila siku mimi ndiye niliyemwambia "tusome ya baba". Wewe ulikuja huna kuku. Angekujuaje?

Huyu mtoto hana darasa la sita. Hajui kwamba kusoma haraka ni sifa, hajawahi kusikia injini ya mtu ikikataa. Anachotaka ni kuku atage. Na maneno yale ni yako, uliyakata mwenyewe, huwezi kupotea ndani ya nyumba uliyoijenga.

Njoo Maulidi. Nitakuwa uani na samaki. Sitasikiliza.

Mkeo,
Yusra


Ilagala,
18 Septemba 2024

Mama Shadia,

Assalaam alaykum. Nimerudi salama, na naomba kuanzia leo uniandikie kwa cheo changu kipya: Mwalimu.

Kwanza msifu Mzee Pastory. Mbalamwezi hii, mitumbwi saba imepandishwa, na aliniambia, "Nenda. Magoti ni yangu, si yako." Nimemkuta amekalafati miwili kwa kukaa chini na kujikokota matako mchangani kama mtoto. Na mibaya haikuwa. Sikumwambia.

Sasa, kwa kuwa ulikuwa uani na husikilizi, nikueleze jinsi nilivyofanya. Nilikaa mkekani, nikampakata, nikafungua karatasi, nikasoma kwa ufasaha mkubwa. Nilipofika katikati nikatumia ufundi. Unaacha neno moja wazi, unamtazama mwanafunzi, anajaza. Maprofesa ndivyo wanavyofanya. Hata kwenye mtumbwi huwezi kubananisha mbao kabisa, lazima uache nafasi ya pamba. Mtoto akajaza. Basi. Kazi ndogo kwa mtu mwenye uzoefu.

Jambo moja tu sikuelewa. Wale samaki. Mke wangu ni mpishi, Ujiji nzima inajua, na mgebuka yule alikuwa mkaa. Nilikula kimya nikakusifu, kwa sababu ya malezi yangu. Lakini ulipatwa na nini?

Mwalimu Dadi


Kasingirima,
1 Oktoba 2024

Mwalimu,

Nilipatwa na wewe.

Nilisimama nyuma ya pazia tangu ulipokohoa mara ya kwanza. Ulikohoa mara sita. Kidole chako kilikuwa kinafuata herufi moja moja. "Ku-ku a-li-ta-fu-ta." Jasho lilikuwa linadondoka juu ya kuku. Mimi nimeuma upindo wa kanga. Shadia ametulia mapajani anakufuata kidole, na sijawahi kumwona ametulia vile. Mimi namsomea mbio, Dadi, nimegundua. Nikimaliza neno jingine limeshafika. Wewe kila neno ulikuwa unamwekea chini kama sahani.

Ukafika "akatazama kushoto, ko". Halafu, "Aka... aka..." Pale karatasi ilikuwa na doa la mafuta. Ukakwama. Nikaona shingo yako ikishuka. Nikasema moyoni, leo ataikunja na hatairudia maisha yake yote. Nilishainua mguu niingie.

Na Shadia akasema, "Taga!"

Ulitazama nyuma yako kama kuna mtu mwingine chumbani. Ukamwuliza, "Umesemaje?" Akakasirika, akapiga karatasi kwa kiganja: "Taga! Taga!" Ukasema, "Akataga. Ehe. Akataga nini?" Akasema, "Yai." Hapo ndipo migebuka walipoanza kuungua, na hata ingeungua nyumba nisingeondoka.

Ufundi wa maprofesa ulianza mstari uliofuata, hapo sikatai. Ukawa unakwama makusudi. "Mtumbwi ukaingia majini..." "Ubwi!" "Sasa kuku ni..." "Nodha!" Ukamrudisha kwenye karatasi ya kwanza, mstari wa chini, ukasoma hukukwama: "Mimi niliyeandika ni baba yako." Akatazama karatasi. Akakutazama wewe. Akaweka kidole kwenye mdomo wako pale sauti inapotokea, akauliza, kama mtu asiye na hakika na bei, "Baba?"

Uliyofanya baada ya hapo siyaandiki. Barua hii inapita kwa Mwanvua.

Jana tulikuwa kliniki. Nesi Leonia akatoa karatasi ahesabu maneno. Shadia akamnyima maneno, nikafa mara mbili. Nesi akachora mstari ubaoni, akaongeza mabawa. Shadia akasema, "Kobe." Nesi akasema hapana, ni kuku. Akacheka yule mtoto! Kisha akafunguka: kuku, ko, pu, taga, yai, maji, hapana, moto, Babu, nodha, hee-ya, na mengine. Kumi na tisa. Na "baba", ishirini. Hatuendi mbali. Tuendelee hivi hivi, turudi baada ya miezi mitatu. Nilimweleza ulivyokwama, akaweka kalamu chini akasema hilo ndilo analowaomba akina mama kila siku: nyamazeni kidogo, mpeni mtoto nafasi. Hakuwahi kumwona mtu anayeliweza bila kufundishwa.

Usivimbe kichwa. Najua unavimba.

Cherehani sasa inalala kila alasiri. Namsomea polepole, nakuiga wewe. Lakini anakataa nisipokwama.

Mkeo,
Yusra


Ilagala,
5 Oktoba 2024

Kwa Shadia binti Dadi, Kasingirima.

Mama asome. Palipoachwa wazi anyamaze. Mama, unyamaze kweli, nakujua.

Kuku wa Babu Pastory ameangua vifaranga watatu.
Mmoja mweusi, mmoja mweupe, mmoja rangi ya mawese.
Mama yao anawatembeza ufukweni.
Anatazama kulia: ........
Anatazama kushoto: ........
Kifaranga mdogo akaona mtumbwi.
Akaruka: ........
Watu wakaja, wakavuta: ........
Kifaranga akasimama mbele, kifua nje.
Sasa kifaranga ni ........

Mtumbwi huo nimeumaliza jana. Mwenyewe hakuleta jina kwenye karatasi, akaniambia, fundi, andika unalolijua. Sikuchora. Niliandika, nikalisoma kwa sauti mbele ya watu wote, mara ya kwanza nikakwama, hakuna aliyecheka, mara ya pili likatoka. Ni jina la msichana mmoja wa Ujiji. Anaitwa ........

Ijumaa atakuja mtu hapo kwenu. Hatakuwa karatasi. Hatanuka dagaa, atanuka mbao na mawese. Atakaa mkekani, utapanda mapajani kwa miguu yote miwili, naye atakusomea polepole sana, kwa sababu ndivyo anavyosoma. Akikwama, msaidie.

Huyo ndiye aliyeandika barua hii. Hapa chini mahali pa jina sikuweka kitu. Sema wewe.

........